Hodi ya Leta: karatasi ya kupekua nyumba inamlinda nani?



Kati ya desturi tulizoachiwa na wazee wetu, kupiga hodi ni moja ya zile ndogo kabisa. Mtoto anafundishwa hodi mbele ya kujua kuhesabu. Hata kwenye nyumba isiyo na mlango, yenye kitambaa tu kwenye kizingiti, mgeni anasimama inje, anaita, anangoja. Akiita mara tatu bila jibu, anarudia njia yake. Na yule anayeingia bila kuitikiwa, hata kama hakugusa kitu, watu wanamtazama kwa jicho baya. Siku kitu kitakapopotea katika nyumba ile, jina lake ndilo litatajwa la kwanza.

Sasa tunauliza: Leta nayo inapashwa kupiga hodi? Na ikiwa imeingia bila hodi, kisha ikakuta ndani kitu kilichoibwa kweli, tutasema nini juu ya kitu kile na juu ya mtu yule? Neno hili si la ma-avoka peke yao. Ni swali la haki, na wazee wetu walilifikiria zamani, wakati hatukuwa na kitabu cha sheria hata kimoja.

Mambo yaliyotokea kwa jirani

Tuanze na jambo tulilolishuhudia katika mtaa mmoja, majina tunayaacha. Kijana mmoja anayebeba watu kwa pikipiki aliamka asubuhi akakuta pikipiki yake haipo. Alikuwa angali anailipia deni. Kisha siku nne, karibu saa sita ya usiku, watu wa polisi walifika kwa mama mmoja mjane.

— Mama, fungula mulango, ni polisi!

— Munatafuta nini saa hii?

— Fungula tu, tuko na manda!

Manda, ndiyo ile karatasi ya ruhusa ya kupekua nyumba. Walimwonyesha kwa mwangaza wa simu, wakairudisha mfukoni. Baadaye avoka kijana wa ukoo ule alipoomba kuisoma, ikaonekana kwamba imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo mama yule haisomi, na kwamba namba ya parsele iliyoandikwa ni ya parsele nyingine kwenye avenue ileile. Lakini chini ya kitanda cha mpwa wake mama, injini ya pikipiki ilipatikana. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mwenye pikipiki aliitambua kwa alama aliyoipiga yeye mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini tu. Usiku uleule, katika sanduku la mama, bahasha ya likelemba ilipotea: dola 120 za wamama kumi na wawili, ambazo yeye ndiye aliyepewa azitunze. Hakuna PV ya vitu vilivyochukuliwa aliyoonyeshwa atie sahihi. Hakuna jirani aliyeitwa ashuhudie. Kwa hiyo mama hakuwa na kitu cha kushika mkononi, ila neno lake tu.

Jumapili iliyofuata, kwenye baraza letu, tuligawanyika. Mzee mmoja, mwalimu wa zamani, alisimama:

— Mwizi ni mwizi! Manda ao hapana manda, injini ilikuwa pale. Munataka tumuachilie mwizi ju namba ya parsele haiko sawa?

Wengi walipiga makofi. Avoka kijana akajibu polepole:

— Mzee wangu, sikatae kama injini ilikuwa pale. Niko nauliza tu: nani aliwapa ruhusa ya kuingia, na ku nyumba gani?

Shauri lenyewe halikufika mwisho. Jamaa mbili zilipatana, mashitaka yakaondolewa, na mwamuzi hakupata nafasi ya kutoa jibu. Swali likabaki kwetu.

Namna wazee walivyopekua

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: mambo ya manda ni ya Wazungu, mababu walikuwa wakishika mwizi, basi. Sisi tunaona si hivyo. Wale kati yetu waliokulia kijijini wanakumbuka ginsi mambo yalivyokwenda kitu kilipopotea. Mwenye kuibiwa hakujitupa ndani ya nyumba ya mwenzake. Alikwenda kwanza kwa mkubwa wa kijiji, akasema kitu gani kimepotea na anamshuku nani. Mkubwa akatuma watu wazima wawili ao watatu, wasiwe wote wa ukoo wa mwenye kuibiwa. Mwenye nyumba alisimama pale akiona. Akiwa safarini, ndugu yake aliitwa. Na aliyemshitaki mwenzake bure hakurudi kwake mikono mitupu: alitoa kuku ao mbuzi juu ya kusafisha jina alilolichafua.

Tazameni vizuri. Kuna mtu mwenye mamlaka anayetoa ruhusa, naye si yule aliyeibiwa. Kuna kitu kinachotafutwa kwa jina lake. Kuna nyumba moja inayojulikana. Kuna mashahidi, na mwenye nyumba yupo. Hizo ndizo sehemu zote za manda nzuri. Ilikosekana karatasi tu.

Kwa nini mashahidi? Juu mkono unaoingia kutafuta unaweza pia kuweka, na unaweza pia kuchukua. Mataifa ya mbali nayo yaliona hatari hiyohiyo. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake juu ya sheria, anataka mtu anayekwenda kutafuta mali yake katika nyumba ya mwingine aingie uchi ao na nguo moja fupi isiyo na mshipi, akiisha kuapa kwamba anatumaini kweli kuipata mle. Warumi wa kale nao walikuwa na desturi ya mpekuzi kuingia amevaa kitambaa kiunoni tu, akishika sahani mikononi. Mwanasheria Gaius, katika karne ya pili, aliicheka desturi ile. Lakini wengine walikuwa wameieleza hivi: mikono iliyoshika sahani haiwezi kuficha kitu cha kumsingizia mwenye nyumba.

Vitabu vitakatifu tunavyosoma hapa kwetu vinaelekea upande uleule. Katika Kumbukumbu la Torati, anayemdai mwenzake anakatazwa kuingia nyumbani kwake kuchukua rehani. Anapashwa kusimama inje, mdaiwa amletee. Katika Kurani, sura ya 24, waamini wanaamriwa wasiingie nyumba za wengine mbele ya kuomba ruhusa na kusalimia, na wakiambiwa warudi, warudi.

Ndugu zetu Waislamu wanasimulia pia habari ya Kalifa Umar. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka Madina, alisikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe. Alipomkaripia, yule mtu akamjibu: mimi nimekosa moja, lakini wewe umekosa matatu; umepeleleza, na Mungu amekataza kupeleleza; umepita ukutani, na Mungu ameamuru kupita mlangoni; umeingia bila ruhusa wala salamu. Masimulizi yanasema Umar alimsamehe, akatoka. Tunaipenda habari hii juu haisemi kama yule mtu hakuwa na kosa. Pombe ilikuwa pale, sawa na injini chini ya kitanda. Lakini mwenye nguvu kuliko wote katika muji alikubali kuulizwa: wewe umeingia namna gani?

Sheria yetu inasema nini

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 29 kwamba makao ya mtu hayavunjwi, na kwamba hakuna kuyatembelea wala kuyapekua isipokuwa kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Kifungu kilicho mbele yake, cha 28, kinasema hakuna anayelazimishwa kutimiza amri iliyo kinyume cha sheria waziwazi. Si kwa bahati kwamba vifungu hivi vinafuatana: cha kwanza kinamwambia polisi kwamba anaweza kukataa, cha pili kinamwonyesha mahali pa kukataa.

Masharti yenyewe yanatoka mbali, katika dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mashitaka ya jinai, iliyoandikwa pungufu ya mwaka mmoja mbele ya uhuru. Polisi anapashwa kuwa na ruhusa ya majistra wa parke, ila kama mtu ameshikwa katika kosa lenyewe, ao kama mwenye nyumba amekubali. Bila ruhusa ya pekee, upekuzi hauanzi mbele ya saa kumi na moja ya asubuhi, wala kisha saa tatu ya usiku. Vitu vinavyochukuliwa vinaandikwa katika PV, na yule aliyekuwa navyo anatia sahihi. Akikataa ao asipojua kuandika, PV inasema hivyo.

Kuna pia jambo la lugha. Katiba, katika kifungu cha 18, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoisikia. Sisi tunaona roho ya kifungu hicho inapashwa kufika hata mlangoni. Karatasi ambayo mama haiwezi kuisoma, na ambayo hakuna anayemwelezea kwa Kiswahili, imekuwa hodi iliyopigwa kwa viziwi. Na neno «mwenye nyumba amekubali» nalo lipimwe. «Karibu» inayotamkwa saa sita ya usiku mbele ya bunduki, sisi hatuiiti karibu.

Karatasi yenye ugonjwa

Ugonjwa mmoja wa manda ni namba isiyo sawa. Mwingine ni sahihi ya mtu asiye na mamlaka. Lakini ulio mbaya zaidi ni karatasi pana, inayosema «tafuteni popote, chukueni chochote». Hapo Leta haitafuti tena kitu, inatafuta kosa.

Katika Uingereza, mwaka 1762, watumishi wa mfalme waliingia kwa mwandishi mmoja, John Entick, kwa amri ya waziri. Kwa saa karibu nne walivunja makufuli na kubeba makaratasi yake. Alikwenda mbele ya waamuzi, na mwaka 1765 Lord Camden akaamua kwamba hakuna sheria iliyompa waziri mamlaka ya kutoa karatasi ya namna ile. Watumishi wakalipishwa fidia. Waziri alidai kwamba karatasi zile zilitolewa tangu zamani. Mwamuzi akaona kwamba kosa lililozoeleka halizai sheria. Neno hilo linatufaa sana sisi tuliozoea kusikia «ni hivi inafanyikaga».

Je, kitu kilichopatikana vibaya kiseme?

Sasa turudie kwa mzee wetu mwalimu, juu swali lake ni gumu na halijajibiwa. Karatasi ni mbaya, ndiyo. Lakini injini ni ya kweli. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kusahau: kilichopatikana kimepatikana. Ya pili ni kukitumia kile kitu katika hukumu, lakini polisi aliyevunja sheria aazibiwe kando. Ya tatu ni kukiondoa kabisa katika hukumu.

Wamarekani wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1926 mwamuzi Benjamin Cardozo wa New York alilalamika, sawa na mzee wetu, kwamba si haki mkosaji aende huru juu ya kosa la polisi. Lakini mwaka 1957, katika muji wa Cleveland, polisi walivunja mlango wa mwanamke mmoja, Dollree Mapp. Walimpungia karatasi wakiiita manda, alipoinyakua wakamnyang'anya, na mbele ya tribinali manda ile haikuonyeshwa hata mara moja. Mwaka 1961 mahakama yao kuu iliamua kwamba vitu vilivyopatikana vile visitumiwe katika tribinali za majimbo yote. Kisha, mwaka 1984, mahakama ileile ikalegeza: kama polisi alitegemea kwa nia njema manda iliyotolewa na mwamuzi, ijapokuwa baadaye imeonekana na kasoro, kitu kinaweza kusema. Tunaona hata wao hawajatulia.

Mzee wetu aliipenda njia ya pili: «Muazibu polisi, lakini mwizi pia asipone.» Ni neno zuri, nasi tulilifikiri sana. Shida ni hii: nani atamshitaki polisi? Entick alikuwa mtu mwenye elimu, mwenye kujulikana. Mama wetu mjane atalipa avoka kwa pesa gani, wakati hata likelemba ya wenzake inamsumbua usiku? Atapeleka malalamiko yake kwa nani, kama si kwa wenzake wale waliomwingilia? Saa peke yake ambapo mtu mwenye mamlaka anaitazama karatasi ile ni saa kitu kinapoletwa mbele ya mwamuzi. Akifunga macho saa ile, hakuna mwingine atakayeyafungua. Na kwetu hilo ni zito zaidi, juu majistra wa parke anayetoa ruhusa ndiye wa upande unaoshitaki. Mkubwa wa kijiji alisimama katikati. Hapa, katikati anabaki mwamuzi tu.

Kwa hiyo sisi tunasema hivi. Tutenge kosa la kalamu na kosa la kizingiti. Kama jina la mtu limekosewa herufi moja, na nyumba ni ileile, na kila mtu anajua ni nani, hilo ni kosa la kalamu. Avoka anayeling'ang'ania anachezea haki. Lakini kuingia bila ruhusa ya mwenye mamlaka, ao katika nyumba isiyoandikwa, ao katika saa iliyokatazwa, ao bila PV, hayo ni makosa ya kizingiti. Hapo kitu kisitumiwe kumhukumu mtu. Hata hivyo kirudi kwa mwenyewe. Injini ni ya kijana wa pikipiki, na dhambi ya polisi si deni lake.

Hatutaficha bei ya neno hili. Siku nyingine mwizi wa kweli atalala kwake. Kijana wa pikipiki alituuliza kwa uchungu: «Na mimi nani ananihurumia?» Hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Tulimwambia tu kwamba waliomkosea ni wawili: yule aliyeiba, na wale walioharibu shauri lake kwa haraka. Injini ilikuwa inaweza kupatikana vilevile saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa namba iliyo sawa, mbele ya mkubwa wa nyumba kumi. Sheria iliomba saa sita za subira na kalamu yenye uangalifu.

Tuliangalie pia neno ambalo makofi ya baraza yalilifunika. Tulipokuwa tunasema «mwizi ni mwizi», tulikuwa tunamwona mpwa peke yake. Lakini nyumba ile haikuwa ya mpwa peke yake. Mle alilala mama ambaye hakuiba, na watoto ambao mpaka leo wanashtuka mbwa akibweka usiku. Mle zililala dola za wamama kumi na wawili. Manda haikuwekwa juu ya mwizi. Iliwekwa juu ya hao wengine wote, na hatuna namna ya kuwalinda wao peke yao na kumwacha yeye inje, juu mlango ni mmoja.

Na wanaodhani mambo haya ni madogo wakumbuke Kinshasa. Kutoka Novemba 2013 mpaka Februari 2014, operesheni Likofi ilifanyika juu ya kumaliza vijana wa kuluna. Raia wengi waliochoka na mapanga waliifurahia mwanzoni. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2014 kwamba vijana na wanaume wasiopungua 51 waliuawa, na kwamba wengi walitolewa usiku katika nyumba zao na polisi waliofunika nyuso, bila manda. Pale hapakuwa tena na swali la namba ya parsele. Mtu asiyeonyesha uso haonyeshi karatasi.

Tufanye nini basi? Tusipigane na polisi mlangoni; mwenye bunduki hafundishwi sheria usiku. Tuombe kusomewa manda kwa lugha tunayoisikia. Tuite jirani na mkubwa wa nyumba kumi washuhudie. Tuangalie PV mbele ya kutia sahihi. Na kilichofanywa vibaya tukipeleke mbele ya mwamuzi, bila haya, hata kama wenzetu watasema tunamtetea mwizi.

Mama mjane aliwalipa wenzake wa likelemba kidogo kidogo, kwa miezi saba, akiuza unga wa muhogo. Hakuna aliyemdai kwa nguvu. Kila mmoja wao alipofika kuchukua sehemu yake, alisimama inje akaita hodi, akangoja mpaka mama aitike.